Kabla ya Kununua Programu ya Masteringi

(Hotuba iliyosomwa katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze juu ya programu zifaazo kwa kumalizia muziki wa dansi wa elektroniki, nilidhani amekosea anwani. Mimi ni mtumishi wa serikali. Kazi yangu ya kila siku ni kupitia zabuni na kuuliza maswali yanayowaudhi wauzaji. Lakini Katibu wetu, ambaye bwenini alilala kitanda cha juu yangu kwa miaka miwili, anaijua siri yangu: kwamba Jumamosi usiku, watoto wakishalala, mimi huketi mbele ya kompyuta na kutengeneza muziki wa dansi. Nimefanya hivyo tangu nilipomaliza Chuo Kikuu, na sijapata hata senti moja.

Jambo lililo mbele yetu leo si dogo. Kuna pendekezo kwamba fungu la vifaa la mwaka huu, karibu lote, litumike kununua seti kubwa ya programu za masteringi kwa ajili ya Klabu ya Muziki. Vijana wametengeneza nyimbo sita, nyimbo nzuri, na wanataka zipigwe redioni, kwenye simu za watu na katika kumbi. Nami naomba niseme waziwazi tangu mwanzo: nia ya pendekezo naiunga mkono, lakini pendekezo lenyewe kama lilivyoandikwa siliungi mkono. Fedha hizi zimetoka mifukoni mwa watu, wengine ni wastaafu. Haifai tuzitumie kabla hatujajua tunanunua nini, na kwa kazi gani.

Ndugu Mwenyekiti, wale wa miaka ya tisini mtakumbuka disko la Jumamosi humu humu bwaloni. Mimi ndiye niliyekabidhiwa redio kaseti na amplifaya ya shule. Kanda zetu zilikuwa mchanganyiko: wimbo mmoja umerekodiwa kutoka redioni, mwingine kutoka kanda ya rafiki wa rafiki. Basi wimbo huu ukiwa chini mno, bwalo zima hupiga kelele, "Ongeza!" Nikiongeza, wimbo unaofuata huingia kama radi na spika kuanza kukoroma. Mwalimu wetu wa muziki, ambaye sasa ametangulia mbele ya haki, alikuwa akisimama mlangoni pale, mikono nyuma. Usiku mmoja alinijia akanong'ona: "Bwana mdogo, huongezi muziki. Unaongeza kelele." Sikumwelewa. Imenichukua zaidi ya miaka ishirini kumwelewa, na leo nataka niwapeni kwa dakika chache kile kilichonichukua miaka hiyo yote.

Masteringi ni nini? Fundi akisha kurekodi au kutunga sauti zote za wimbo, yaani ngoma, besi, kinanda na waimbaji, huzichanganya mpaka zikawa sauti mbili tu, ya kushoto na ya kulia. Hiyo ndiyo miksi. Masteringi ni kazi inayofuata, na ndiyo ya mwisho: kuuchukua wimbo ulio tayari, kurekebisha uwiano wa besi na sauti za juu, kuweka kiasi cha sauti, kuhakikisha nyimbo za albamu moja zinakaa pamoja kama ndugu, na kutoa faili litakalokwenda kwa wasikilizaji. Ni kama fundi cherehani anayepiga pasi suti na kukata nyuzi zilizobaki. Pasi nzuri huipendezesha suti iliyoshonwa vizuri, lakini suti iliyokatwa vibaya itabaki hivyo hivyo.

Kazi hii ilizaliwa na mahitaji ya mashine. Enzi za santuri, mtu wa masteringi ndiye aliyekata mfereji ambamo sindano hupita. Besi ikizidi, mfereji huwa mpana na nafasi ya wimbo hupungua. Besi ya kushoto isipokwenda pamoja na ya kulia, sindano hurukaruka. Ndiyo sababu mpaka leo mafundi wa muziki wa dansi huiweka besi katikati. Muziki wa disko wa Marekani ulipotaka nyimbo ndefu na besi nzito, santuri ndogo ya inchi 7 ilishindwa kuzibeba. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul ya New York ilitoa "Ten Percent" ya kundi la Double Exposure kwa santuri ya inchi 12, nayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa kwa umma. Mifereji ilipata nafasi, na besi ikapumua.

Kule Chicago, katika klabu iliyoitwa Warehouse, Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri tangu mwaka 1977, na kutokana na jina la klabu hiyo muziki wa house ukapata jina lake. Na mjini Berlin, mwaka 1995, ilianzishwa karakana iitwayo Dubplates & Mastering, na waliohusika nayo walikuwa wanamuziki wa dansi wenyewe, watu wa Basic Channel. Walitaka mtu anayekata santuri zao awe mtu anayejua muziki huo unavyotakiwa kusikika ukumbini. Naomba vijana mlishike hilo. Hawa wote walianza na sakafu ya ukumbi na masikio ya wachezaji, kisha wakatafuta chombo cha kuwafaa. Sisi leo tunataka kuanza na chombo.

Tuje sasa kwenye kompyuta. Mwaka 1994 kampuni ya Waves ilitoa programu iliyoitwa L1. Programu ya namna hii huitwa limita. Limita ni kama bawabu mlangoni: sauti yoyote inayotaka kupita dari husukumwa chini kwa haraka sana. Ukisha kuzisukuma chini zile ncha ndefu za sauti, unaweza kuuinua wimbo mzima, nao ukasikika mkubwa kuliko wa jirani. Jirani naye akanunua limita, akainua wake. Ndipo yakaanza mashindano ya kelele, ambayo yalidumu miaka mingi katika nchi za wenzetu na hata kwetu yakafika. Nyimbo zikawa tambarare kama chapati: hakuna kupanda, hakuna kushuka, na ngoma ambayo ilipaswa kukugonga kifuani ikawa inakuchosha masikio tu.

Baadaye wataalamu walitafuta dawa. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulitoa kanuni ya kupima ukubwa wa sauti kwa namna inayokaribia jinsi sikio la binadamu linavyosikia. Mwaka 2010 Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ukaitumia kanuni hiyo kuweka kiwango cha vipindi vya redio na televisheni, nacho ni -23 LUFS. LUFS ni jina la kipimo hicho. Namba zake ziko chini ya sifuri, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo wimbo unavyokuwa na sauti kubwa. Huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti nazo zikafuata njia hiyo. Spotify, kwa mfano, kwa kawaida huzilinganisha nyimbo zote katika kiwango cha -14 LUFS.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kijana ameubana wimbo wake kwa limita mpaka umefika -6, akitaka uwe mkubwa kuliko wa wenzake. Ukifika kule, mashine inaushusha kwa desibeli 8 mpaka -14. Mwenzake aliyeuacha wimbo wake -14 haushushiwi hata desibeli moja. Sasa nyimbo zote mbili zina ukubwa mmoja, ila wa kwanza umekwisha kubanwa na ngoma zake zimekufa, na wa pili ngoma zake zi hai. Yule wa kwanza ametoa kafara uhai wa wimbo wake, na hakupata kitu.

Hata hivyo ukumbini mambo ni tofauti. DJ anapopiga faili lako moja kwa moja hakuna mashine ya kulinganisha, na nyimbo nyingi za dansi zinazopigwa humo hufika -8 hadi -6. Wimbo wako ukiwa -14 kati ya hizo, DJ itambidi aupandishe kwa mkono, naye anaweza kuuacha. Kwa hiyo swali la "programu ipi inafaa" halina jibu mpaka tujibu swali lililotangulia: wimbo huu unakwenda wapi?

Ndugu Mwenyekiti, sasa niruhusu niseme habari za nyumbani kwangu.

Mtoto wa dada yangu ni mtengenezaji wa muziki. Mwaka juzi alinijia, akakaa kitako kwa adabu kama mtu aliyekuja kutoa posa, akaniambia: "Mjomba, naomba unikopeshe milioni moja na nusu. Kuna programu za masteringi, nikizipata tu, nimetoka." Nikamwuliza atanilipaje. Akasema nyimbo zitalipa. Nilifikiria kukopa kwenye SACCOS, maana kijana ni mwenye bidii na mama yake ni dada yangu wa pekee. Lakini tabia ya ofisini haikuniacha. Nikamwambia, "Mpwa wangu, lete ushahidi."

Akaja na wimbo wake katika sura mbili. Wa kwanza ulimaliziwa kwa limita iliyokuja pamoja na programu yake ya kutungia muziki. Wa pili ulimaliziwa kwa programu ya ghali, ambayo aliipata kwa majaribio ya siku 30 kama wauzaji wengi wanavyoruhusu. Akapiga wa kwanza, akapiga wa pili. Kweli, wa pili ulikuwa mtamu zaidi: besi imejaa, sauti za juu zinang'aa. Nikawa karibu kukubali. Kisha nikamkumbuka mwalimu pale mlangoni. Nikamwambia kijana apime nyimbo zote mbili kwa kipimo cha LUFS, maana kipo cha bure kiitwacho Youlean Loudness Meter. Ikaonekana wa pili una sauti kubwa kuliko wa kwanza kwa desibeli 2. Tukaushusha ukalingana na wenzake. Nikamgeuzia kiti aelekee ukutani, nikampigia nyimbo hizo mara kumi bila kumwambia ni upi, naye akitaja. Alipatia mara tano na kukosea mara tano.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Kumbe nilikuwa nanunua desibeli mbili, Mjomba."

Ndugu zangu, sikio la binadamu limeumbwa hivyo. Sauti ikizidi kidogo tu, tunaiona kuwa ni nzuri zaidi, ina besi zaidi, ina mwanga zaidi. Programu nyingi ukiziwasha hupandisha sauti papo hapo, nawe unadhani zimeutengeneza wimbo. Kanuni ya kwanza ya kuchagua, basi, ni hii: usilinganishe programu mbili kabla hujalinganisha ukubwa wa sauti.

Kanuni ya pili ni kujua kazi. Nyimbo sita za vijana wetu nimezisikiliza zote. Nne ni za mwendo wa house, yapata biti 124 hadi 128 kwa dakika. Mbili ni za mwendo wa singeli, muziki wa Dar es Salaam ambao biti zake huzidi 200 kwa dakika, na ambao mwaka 2017 albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliupeleka mbele ya wasikilizaji wa ng'ambo. Tofauti hii ya mwendo ina maana kubwa kwa limita. Katika biti 128 kwa dakika, nafasi kati ya pigo moja na jingine ni kama milisekunde 469. Katika biti 240, nafasi hiyo ni milisekunde 250 tu. Limita ikisha kulisukuma pigo chini, huchukua muda kuachia. Tuseme muda huo ni milisekunde 400. Katika wimbo wa house itakuwa imeachia kabla ya pigo linalofuata. Katika singeli pigo linalofuata litaikuta bado imebana, na la tatu vivyo hivyo, na wimbo mzima utabaki umekandamizwa kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo mkiiona programu yenye vitufe vya tayari vilivyoandikwa "dance" au "club", msivikubali kama amri. Aliyeviandaa huenda alikuwa na mwendo mwingine kichwani. Tafuteni programu inayokuruhusu kuweka mwenyewe muda wa kuachia, inayoonyesha kwa macho ni desibeli ngapi zinabanwa, na inayoweza kuweka dari chini ya sifuri kwa kupima ncha halisi za sauti. Hiyo dari iwekeni kwenye -1, kwa sababu faili likigeuzwa kuwa MP3 au namna nyingine ya kupunguza ukubwa, ncha zake huweza kupanda na kuanza kukwaruza.

Kanuni ya tatu ni kutazama kwanza kile ulicho nacho. Klabu ya Muziki inatumia FL Studio, programu ya Wabelgiji iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Ndani yake kuna limita na kuna ikwalaiza, yaani kifaa cha kurekebisha besi na sauti za juu. Aliyeinunua hupewa matoleo mapya bila kulipa tena maisha yake yote. Wanaotumia Ableton Live ya Berlin nao wana vifaa vya namna hiyo ndani. Kwa kazi ya kupanga nyimbo na kuzimalizia kuna Reaper, ambayo leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60 na unaweza kuijaribu siku 60 kabla ya kulipa. Na kwa asiye na kitu kabisa ipo Audacity, ambayo ni ya bure na huweza kubana, kupima na kurekebisha ukubwa wa sauti.

Je, zile za ghali hazina maana? Zina maana. Ozone ya iZotope, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2001, inakusanya vifaa vyote vya masteringi katika dirisha moja, na matoleo yake ya sasa yana msaidizi anayeusikiliza wimbo na kupendekeza mpangilio. Pro-L 2 ya FabFilter ni limita safi yenye kumwonyesha fundi kila inachofanya. WaveLab ya Steinberg, iliyoanza mwaka 1995, ni meza kamili ya mtu anayemalizia albamu nzima. Mtu anayelipwa kwa kazi hii kila siku atarudisha fedha yake kwa muda anaouokoa. Lakini vijana wetu wana nyimbo sita na muhula mmoja.

Kuna pia huduma za kumaliziwa wimbo na mashine kwa intaneti. LANDR ya Montreal ilianza kazi hiyo mwaka 2014: unapeleka wimbo, nao unarudi umekwisha. Sizidharau. Kwa wimbo wa haraka huweza kufaa. Ila mwanafunzi akipeleka na kupokea tu, hajajifunza kitu, na hii ni shule.

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho, lakini kuna jambo moja ambalo nimeona aibu kulisema kwa miaka mingi, na hapa ndipo mahali pake.

Wengi wetu tunajua kwamba programu za ghali hupatikana bure vichochoroni, zimevunjwa kufuli. Mimi nilifanya hivyo. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa programu ya masteringi ndani ya flashi, nikaipachika kwenye kompyuta yangu ya nyumbani bila kuuliza. Wakati ule nilikuwa na kazi moja niliyoipenda kuliko zote. Nilikwenda kumwona mwalimu wetu wa muziki alipokuwa amestaafu na mgonjwa, nikakaa naye siku mbili, nikamrekodi. Alieleza alivyoanzisha kwaya ya shule hii, alivyowafundisha watoto wasiojua kusoma noti kwa kupiga makofi na kuhesabu. Aliimba pia, sauti imekwisha kuchakaa lakini haikukosea hata noti moja. Nilitaka kuisafisha sauti ile, niilete hapa, muisikie nyote.

Ile programu ya wizi ilikuja na mgeni wake. Asubuhi moja niliwasha kompyuta nikakuta mafaili yote yamefungwa, na tangazo la kudai fedha. Sikuwa na nakala nyingine. Mafundi watatu walijaribu, wakashindwa. Miezi minne baadaye mwalimu alifariki dunia. Siku ya mazishi mjane wake aliniuliza, "Mwanangu, ile sauti ya mzee ipo?" Nikamjibu kuwa naishughulikia. Mpaka leo sijamwambia ukweli. Nimeamua kwamba nikitoka hapa kesho, nitapitia kwake kwanza.

Kwa hiyo vijana, mtu akikwambieni programu ya wizi haina gharama, mwambieni mnamjua mtu aliyelipa. Tena kuna jambo la haki. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda nyimbo, na inalinda programu za kompyuta vile vile. Hatuwezi kulalamika kwamba nyimbo zetu zinanakiliwa kila kona, na huku tunazimalizia kwa chombo cha kuiba. Mwizi hawezi kwenda polisi kushtaki kwamba ameibiwa.

Baada ya hayo, Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu upokee mapendekezo yangu badala ya lile lililoandikwa.

Kwanza, tukague kompyuta zote za Klabu, na programu yoyote isiyo na leseni iondolewe. Pale inapohitajika leseni ya FL Studio, tuilipie, na kwa masteringi tununue leseni ya Reaper kwa masharti yanayoihusu shule. Kipimo cha LUFS ni cha bure.

Pili, sehemu kubwa ya fungu hili tununue jozi moja ya spika za kweli za studio na hedifoni mbili, na chumba kile cha zamani cha stoo tukitundikie mapazia mazito, magodoro na mazulia kuukuu ili kupunguza mwangwi. Leo vijana wanasikiliza kwa spika ndogo za mezani katika chumba kinachovuma kama pipa. Hawaisikii besi yao. Programu haiwezi kumsaidia mtu kurekebisha asichokisikia. Na kila wimbo ukimalizika wausikilize pia kwa simu, ndani ya gari, na kwa spika za bwalo hili, kwa maana huko ndiko wimbo utakakoishi.

Tatu, tununue diski mbili za kuhifadhia nakala, moja ikae maktaba na nyingine kwa Mkuu wa Shule. Nadhani sababu yake sina haja ya kuirudia.

Nne, mimi mwenyewe najitolea kuja Jumamosi moja kila mwezi kwa muhula mzima, nauli yangu mwenyewe, kufanya kazi na vijana juu ya nyimbo hizo sita. Mpwa wangu amekubali kufuatana nami. Hakupata ule mkopo, lakini alijipatia spika zilizotumika, akatengeneza chumba chake kwa magodoro ya mama yake, jambo ambalo dada yangu bado hajalisamehe. Sasa anawamalizia wenzake nyimbo kwa malipo madogo, na bado anatumia limita ile ile iliyokuja na programu yake.

Ikiwa baada ya muhula mmoja vijana watatuonyesha, nyimbo zikiwa zimelinganishwa sauti na wao wameelekea ukutani, kwamba kuna kazi ambayo vyombo hivi haviwezi kuifanya, basi nitakuwa wa kwanza kutoa mchango wa kununua kile kikubwa.

Mwalimu wetu hakuwa na programu hata moja. Alikuwa na uma wa kupimia sauti, kiganja cha mkono, na masikio yasiyodanganyika. Masikio hayo alituachia sisi. Naomba tuwape vijana hawa kabla hatujawapa kitu kingine.